Jiwe la Shosho Kwenye Friza

Friji ya Mama tuliiacha mwisho. Nguo zilikuwa zimeshagawanywa, sufuria kubwa ya pilau ilikuwa imeenda na dada mmoja wa kanisani, na kochi lilikuwa limebebwa asubuhi hiyo na vijana wa jirani. Nilibaki peke yangu katika ile nyumba ya Oxon Hill na mifuko ya taka na ndoo ya maji ya moto, nikitoa vitu vilivyoganda: sukuma wiki iliyokatwa tayari, samaki, mkate, githeri ndani ya kopo la siagi. Mama alikuwa mtu wa kugandisha kila kitu. Chini kabisa, nyuma ya nyama, mkono wangu ukagusa mfuko wa mkate uliofungwa fundo, na kabla sijaufungua nikajua. Ulikuwa mwepesi mno. Nikakaa sakafuni, mlango wa friza ukiwa wazi, nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Ndani ya mfuko kulikuwa na jiwe. Ni jiwe la kusugulia magaga, la rangi ya majivu, lenye vitundu kila mahali, na upande mmoja limelika likawa na kibonde cha kuingia kisigino. Barafu ilipoanza kuyeyuka kiganjani mwangu, jiwe likatoa ile harufu yake ya vumbi lililonyeshewa, na we acha tu, nikawa mtoto tena katika nyumba yenye watu watatu.

Jiwe hilo lilikuja Amerika na Shosho, mama yake Mama. Alitoka Naivasha, upande wa mlima Longonot, ambako mawe ya namna hiyo yamelala tu mashambani na mtu huokota analotaka. Wenzangu mliokulia huku mnajua sanduku la mtu aliyetoka nyumbani linavyofunguliwa: watu wote sebuleni, hakuna anayethubutu hata kwenda chooni. Zikatoka njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, ukatoka unga wa wimbi, yakatoka majani ya chai na kiondo cha kumzawadia mwalimu wangu wa shule. Unga na njahi Mama alivipeleka moja kwa moja kwenye friza, maana hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu. Nafaka yoyote iliyotoka nyumbani ililazwa kwenye baridi kwanza, fukusi wafe. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu maharagwe yaliyobunguliwa, yana vitundu kwa nje na ndani ni vumbi tupu, kwa hiyo sheria hiyo niliiamini kabisa. Mwisho Shosho akafungua leso aliyokuwa ameikunja kwa uangalifu, na humo mkawa na jiwe.

"Mami, umebeba jiwe?" Mama akauliza.

"Ningejua aje kama huku mko na mawe?"

Mama akacheka hadi akashika ukuta. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo, na nilimtazama kwa wasiwasi kidogo, kama kwamba kuna mtu mwingine ameingia ndani ya mwili wake.

Hapo inabidi nieleze habari ya jina. Mimi nimepewa jina la Shosho, Nyambura, na kwetu mama akimpa mtoto jina la mama yake, humwita mtoto huyo Mami, vilevile anavyomwita mama aliyemzaa. Kwa hiyo mle ndani Mami walikuwa wawili. Mama akiita kutoka jikoni tuliitika sote, Shosho kwa Kikuyu na mimi kwa Kiingereza, maana nilikuwa mmoja wa wale watoto wanaosikia Kiswahili vizuri lakini wanajibu kwa lugha ya shule. Baba alikuwa Mluhya, ndiyo sababu nyumbani kwetu palisemwa Kiswahili. Alikuwa amehamia Texas kikazi na simu zake zikawa chache mwezi hata mwezi, basi, hayo ni mengine. Shosho aliniita "wajina wangu", na akinipa kitu alikuwa akisema amejipa mwenyewe.

Viza ya Shosho ilikuwa ya miezi sita. Makaratasi ya Mama yalikuwa bado hayajakamilika; akitoka nje ya nchi hii hangeruhusiwa kurudi, na mimi nilikuwa hapa, shule ilikuwa hapa, kazi ilikuwa hapa. Watu wazima wote waliokuja kutusalimia walijua kwamba hawa wawili pengine hawataonana tena. Mimi sikuambiwa. Niliambiwa Shosho amekuja kututembelea. Nilipomuuliza atarudi lini, alinyanyua lile jiwe, akanionyesha, akasema, "Hii ikiisha." Ulikuwa utani wa kumnyamazisha mtoto, lakini nani angeniambia? Nililishika neno hilo kama kiapo. Tangu siku hiyo sikuliondolea jiwe macho.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Mama alijaza beseni maji ya moto, akaliweka sebuleni, akapiga magoti. Ulikuwa wakati wa baridi, redieta zinakausha hewa mpaka midomo inapasuka, na visigino vya Shosho vilikuwa na magaga marefu yaliyoingiza uchafu wa miaka ya shambani. Kazi ya Mama ilikuwa kutunza wazee majumbani kwao. Wiki nzima aliosha miguu ya watu baki, na siku zote alivaa glavu. Kwa Shosho hakuvaa. Aliloweka, akapaka sabuni, akasugua polepole kwa duara, na wakaongea Kikuyu kwa sauti ya chini, na mimi nikasubiri zamu yangu ya kuchezea jiwe, kwa sababu jiwe lile lilielea. Ukilisukuma chini ya maji linapanda tena juu. Lakini nilikuwa naona pia yale maji yakigeuka kijivu, na nikielewa kwamba kijivu kile ni jiwe lenyewe linakwenda. Mama alimwaga maji chooni, na moyo wangu uliumia kila alipofanya hivyo.

Mmoja wa wazee aliowatunza Mama aliishi College Park. Alikuwa amefundisha Kigiriki cha kale kwenye chuo kikuu cha pale kabla ya kustaafu, na Mama alimwita Profesa tu, kama wengine wote. Jumamosi moja mwenzake Mama aliugua, Mama akaitwa ghafla kushika zamu yake, na kwa kuwa hakuna mtu wa kunishika wala hakutaka kumwacha Shosho peke yake katika mji asioujua, tukaenda wote watatu. Alituonya garini, njia nzima ya barabara kuu ya Beltway, kwamba tukae kimya na tusiguse kitu. Kampuni yake ikijua amepeleka jamaa kazini, hana kazi tena.

Shosho alikaa kimya kwa muda mfupi sana. Mama alipomvua Profesa soksi ili amwoshe miguu, Shosho aliinama mbele, akatazama vile visigino vya mzungu, akatingisha kichwa kwa huruma. Akafungua mkoba, akatoa leso, akatoa jiwe. Mama akamsihi kwa Kikuyu, maskini, lakini Profesa mwenyewe ndiye aliyenyoosha mguu. Alikuwa mjane, na nadhani kwa miaka hakuna mtu aliyekuwa amemgusa bila glavu. Shosho akamsugua kama anavyosugua wa kwao. Mzee yule akafumba macho.

Alipofumbua, akaomba alishike jiwe. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, kwamba Wagiriki wa kale walikuwa nalo pia, kwa ngozi zao na hata kwa vitabu, kwamba walisugua nalo kingo za vile vitabu vya kuviringisha mpaka zikawa laini. Waliliita kiseris. Nikamuuliza neno hilo maana yake nini. Akasema kuna wanaodhani linatokana na kis, jina lao la fukusi, mdudu anayetoboa nafaka na mbao, kwa sababu ya hivi vitundu. Yeye mwenyewe hakuamini sana. Alidhani neno lenyewe lilikuwepo kabla ya Wagiriki. Kwamba walipofika nchi ile walilikuta midomoni mwa watu waliotangulia, wakalizoea, kisha wale watu wakapotea pamoja na lugha yao, na neno likabaki peke yake. Sasa hakuna ajuaye mwanzo wake. Aliyasema hayo taratibu, kidole chake kikipita juu ya vile vitundu, na nikamwona anahuzunika kwa kitu nisichokielewa.

Leo hiyo sehemu ya pili ndiyo ninayoiwaza. Siku ile mimi nilibaki kwenye fukusi.

Shosho aliponiuliza mzee anasema nini, nilimjibu kwa Kiswahili changu kilichovunjika kwamba anasema ndani mna wadudu. Alicheka sana, akaniambia nimuulize kama wanauma. Sikucheka. Kila kitu kilikuwa kimeeleweka ghafla. Vile vitundu sikuwa nimevifikiria kabla, na sasa mtu aliyesoma kuliko wote niliowajua alikuwa ameniambia kinachovitoboa. Jiwe lilikuwa linaliwa kwa nje na Mama kila Jumapili, na kwa ndani na fukusi usiku na mchana, wakati sisi tumelala. Lingeisha upesi kuliko tulivyodhani. Nilirudi nyumbani nimebana magoti kwenye kiti cha nyuma.

Dawa ya fukusi niliijua. Tulipofika, Shosho akiwa anabadilisha nguo, nililitoa jiwe kwenye mkoba, nikalitia ndani ya mfuko wa mkate, nikafunga fundo, nikaliweka kwenye friza chini ya njahi.

Jumapili ilipofika jiwe likatafutwa. Walinyanyua matakia ya kochi, wakatazama chini ya vitanda, Mama akaenda mpaka kwenye gari na tochi. Mimi nilikaa mezani nikichora, nikihesabu kwamba wadudu wa njahi huwa wanalala mle wiki nzima, basi wa jiwe watahitaji zaidi. Shosho akaoshwa kwa taulo tu. Ilikuwa katikati ya wiki, Mama akitafuta samaki wa chakula cha jioni, nilipomsikia jikoni akisema, "Ngai." Akatoka ameshika ule mfuko. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, na mimi nikalia, nikaeleza kwa Kiingereza yote kwa pamoja: fukusi wanalimaliza, likiisha Shosho anaenda, nimewaua kwa baridi, tafadhali usilitoe bado.

Mama alianza kucheka, na katikati ya kicheko akageuka, akaelekea kwenye sinki, akafungua maji bila kuosha kitu. Shosho akamuuliza nimesema nini. Mama alichukua muda mrefu kutafsiri. Kisha Shosho akanivuta, akaniketisha mapajani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, akamtazama mwanawe mgongoni, na akasema kwa Kiswahili ili sote wawili tusikie:

"Irudishe huko huko. Nikija tena nitaikuta."

Nikafurahi jamani. Niliuchukua mfuko, nikaukimbiza kwenye friza kabla hajabadili mawazo. Kwangu mimi ilikuwa ahadi, na ahadi ya mtu mzima. Sikujua kwamba alikuwa anamwachia mwanawe kitu cha kungojea.

Wiki zilizobaki Mama aliendelea kumwosha kwa taulo. Magaga yakarudi, na hakuna aliyelitaja jiwe. Siku ya kwenda uwanja wa ndege wa Dulles Shosho alivaa soksi jozi mbili na viatu vya kanisani. Pale wanapokaguliwa wasafiri alinishika kidevu, akasema kwaheri wajina, kisha yeye na Mama wakasimama wameshikana viwiko, mpaka mfanyakazi mmoja akaja akawaomba wapishe njia. Mimi nilikuwa napunga mkono kwa furaha. Nilijua anarudi.

Nilikuwa nimehamia shule nyingine simu ilipokuja. Zamani zile habari za nyumbani zilikuja kwa simu inayolia saa isiyo yake, na mtu wa upande wa pili anaongea harakaharaka kabla kadi haijakata. Shosho alikuwa ameanguka akitoka kuteka maji, hakuamka. Mama alitoa sanduku chini ya kitanda, akalifungua, akatia nguo nyeusi na viatu, akakaa kando yake kitandani. Niliporudi kutoka shule alikuwa bado amekaa pale pale. Alinitazama nikivua mkoba, akanitazama sana, kisha akatoa nguo moja moja akazirudisha kabatini. Wakati ule nilidhani amebadilisha safari. Sasa nina mtoto, na najua alikuwa amewekewa mezani mama yake na mimi, akachagua.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Kwao ilikuwa alasiri, kwetu asubuhi. Mama hakwenda kazini, hakuwasha televisheni, hakufungua mlango jirani alipobisha na chakula. Alijaza beseni maji ya moto, akaliweka sebuleni mahali palepale. Akaenda jikoni, nikasikia friza inafunguliwa. Alirudi na jiwe limeota barafu, akalitumbukiza majini, likazama kidogo, likaelea. Akapiga magoti.

"Lete miguu, Mami," akasema.

Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba miguu yangu ni safi. Akasema anajua. Nikakaa kwenye kiti cha Shosho, nikaitia ndani. Visigino vyangu vilikuwa laini, vya mtoto wa kutembea juu ya zulia, havikuwa na chochote cha kusuguliwa. Alivisugua hivyo hivyo. Alipita kati ya vidole, akapita kwenye kifundo, akarudi kisiginoni, kwa duara, mikono mitupu, na akaanza kuongea Kikuyu kwa ile sauti yake ya chini. Aliongea sana. Sikuelewa ila neno moja lililorudi kila mara, Mami, na kwa kuwa hilo lilikuwa jina langu, kila lilipotoka nikawa naitika. "Mami," anasema, na mimi nasema ndiyo, kwa Kiingereza. "Mami." Ndiyo. Hakuniambia ninyamaze. Mara moja tu aliinua uso ukiwa umelowa wote, akanitazama nilipoitika, kisha akainama, akaendelea.

Maji yalipopoa alinifuta kwa taulo, akanipaka mafuta, akanivika soksi. Akalisuuza jiwe, akalitia tena kwenye mfuko wa mkate, akafunga fundo. Nikamuuliza kwa nini analirudisha.

"Si alisema ataikuta?" akanijibu, akaenda kuliweka.

Kanda ya video ya mazishi ilikuja baadaye kwa posta. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, sijawahi kumwona akiicheza. Miaka ikapita, makaratasi yake yakapatikana yakiwa hayana haraka tena, akasafiri, akasimama kaburini, akarudi na njahi ambazo alizitia kwenye friza kama kawaida. Tulihama nyumba kadhaa, na kila tulipohama nilimwona akipanga nyama kwenye sanduku la barafu na ule mfuko ukiwa katikati. Hatukuwahi kulizungumzia. Nilipoolewa nikaondoka, nikalisahau, au nilidhani nimelisahau.

Sasa nimekaa kwenye sakafu yake na mfuko umefunguka. Mimi nami nafanya kazi ya kusimama kutwa, na visigino vyangu, haki, vimekuwa vya Shosho kabisa, magaga yameingia mpaka soksi zinakwaruzika. Beseni lilikuwa bado chini ya sinki, hakuna aliyelitaka. Nikalijaza maji yale ya moto niliyokuwa nimeyaweka ya kusafishia friji, nikavua viatu, nikaliweka jiwe. Likaelea. Nikaweka kisigino kwenye kile kibonde na kikaenea sawasawa, nikasugua mpaka maji yakawa ya kijivu, na safari hii sikulihurumia.

Nikaita, "Mami." Sauti ikaenda mpaka vyumbani, hakuna kochi, hakuna mapazia, hakuna mtu. Basi nikaitika mwenyewe, kwa Kiswahili.